Kabla ya paneli kufika, kijiji kiamue nani atanunua betri

Miradi mingi ya umeme wa kijiji hufa ikiwa bado mipya machoni. Paneli ziko juu ya paa, nguzo zimesimama, mita zimefungwa, lakini usiku kijiji kizima ni giza. Ukifuatilia, kosa kubwa la kihandisi hulioni. Betri zimechoka na mfuko wa kununulia nyingine hauna kitu, kwa sababu siku ya uzinduzi hakuna aliyeuliza fedha hizo zitatoka wapi. Sisi tunaosaidia vijiji kupanga miradi ya nishati jadidifu tunaomba swali hilo liulizwe mapema, kwenye mkutano mkuu wa kijiji, kabla ya kujadili paneli za aina gani zinunuliwe.

Hesabu yake haihitaji mhandisi. Tuseme kijiji kina wateja 200, na betri za kawaida za risasi na asidi zimegharimu shilingi milioni 60. Zikitunzwa vizuri zinaweza kufika miaka 5. Milioni 60 kwa miaka 5 ni milioni 12 kwa mwaka, yaani milioni 1 kwa mwezi. Ukigawanya kwa wateja 200, kila mmoja anatakiwa kuchangia shilingi 5,000 kwa mwezi kwa ajili ya betri peke yake, kabla hujamlipa fundi, mlinzi na mtunza hesabu. Betri zikilemewa na kufa baada ya miaka 3, mchango huo unapita 8,000. Betri za lithiamu hudumu zaidi ila bei yake ya kuanzia ni kubwa, na hesabu ni ile ile.

Hapo ndipo penye mgogoro. Mteja mdogo wa TANESCO, shirika la umeme la Tanzania, aliye kwenye kundi la matumizi madogo la D1, hulipa shilingi 100 kwa uniti. Nyumba ya kijijini inayotumia uniti 10 kwa mwezi ingelipa shilingi 1,000 tu kwa bei hiyo. Mwananchi akisikia kwamba umeme wa kijiji chake unauzwa mara kadhaa ya hapo, ana haki ya kuuliza sababu, na jibu apewe waziwazi: TANESCO hugawanya gharama zake kwa wateja wa nchi nzima, wakati mtambo wa kijiji una kaya 200. Ukificha jambo hili ili mkutano uishe kwa makofi, utalikuta mbele likiwa deni. Kama serikali au mfadhili atabeba sehemu ya gharama, iandikwe ni sehemu gani na kwa miaka mingapi.

Katika kupima uwezo wa watu kulipa, usiulize "uko tayari kulipa kiasi gani?" Kila mtu atataja kiasi cha kumfurahisha mgeni. Uliza mwezi uliopita nyumba ilitumia shilingi ngapi kwa mafuta ya taa, betri za tochi na kuchajisha simu. Waulize kinamama na vijana peke yao pia, maana mara nyingi anayejibu dodoso si yule anayetoa fedha ya matumizi ya kila siku. Rudia swali baada ya mavuno na wakati wa njaa. Tofauti ya miezi hiyo miwili itakuonyesha kama malipo yawe ya kila mwezi au ya kununua uniti kidogo kidogo kabla ya kuzitumia, kama LUKU ya TANESCO.

Kinachookoa hesabu hizi ni kazi za uzalishaji. Taa nne za wati 5 katika kila nyumba, kwa nyumba 200, ni kilowati 4 tu, tena zote zinahitajika usiku, wakati umeme unatoka kwenye betri. Mashine moja ya kusaga yenye mota ya kilowati 10 inaweza kufanya kazi mchana, jua likiwa kali, na kulipa vizuri. Ila mota ya kawaida inapoanza huvuta mkondo mara tano hadi saba ya ule wa kawaida, na inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa paneli na betri kuwa wa matumizi ya kawaida) ikiwa ndogo, itazima kijiji kizima kila mara mtu anapopeleka debe la mahindi. Kwa hiyo mwenye mashine ya dizeli aalikwe tangu kikao cha kwanza. Mkikubaliana naye kuhusu saa za kusaga na kifaa cha kuiwasha mota taratibu, atakuwa mteja wenu mkubwa. Mkimwacha nje, atabaki na dizeli yake na nyinyi mtabaki na taa.

Kwa vijiji vyenye mito, kama vile vingi vya Nyanda za Juu Kusini, maji hupunguza sana tatizo la betri, kwa kuwa mtambo unazunguka usiku na mchana. Kipimo cha haraka ni hiki: zidisha lita za maji kwa sekunde kwa mita za anguko, kisha zidisha kwa 5. Lita 30 kwa sekunde zikianguka mita 40 zinatoa takriban wati 6,000. Lakini maji yapimwe mwishoni mwa kiangazi, mwezi wa Oktoba au Novemba kabla mvua hazijaanza. Tunasisitiza hili kwa sababu wageni wengi hupenda kutembelea mto ukiwa umejaa. Na kabla ya kujenga banio, yaani kizuizi cha kuchepusha maji ya mto, kaeni na wakulima wa umwagiliaji walio bondeni. Maji ya mtambo hurudi mtoni, lakini kati ya banio na jengo la mitambo mto unaweza kukauka, na mwenye bustani hapo katikati lazima asikilizwe.

Mfano unaotufundisha mengi uko Kenya, katika Mto Tungu upande wa Mlima Kenya. Mradi wa Tungu-Kabiri ulikuwa na kilowati 18 tu. Wanajamii walinunua hisa na kutoa nguvu kazi yao wenyewe, na kwa kuwa umeme huo usingetosha kila nyumba, waliuelekeza kwenye kituo cha biashara ndogondogo. Uamuzi huo ni mgumu, kwa sababu kila mwenye hisa angependa taa sebuleni kwake. Huku kwetu Ludewa, umeme wa mtambo wa Mawengi umesimamiwa na jumuiya ya watumiaji, LUMAMA.

Kuhusu vibali, kwa Tanzania mtambo usiozidi megawati 1 hauhitaji leseni ya EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji, ila usajili unahitajika. Kibali cha kutumia maji hutoka bodi ya maji ya bonde lenu, na masuala ya mazingira ni ya NEMC, baraza la taifa la mazingira. Ardhi ya mtambo ipitishwe na mkutano mkuu wa kijiji na muhtasari usainiwe. Shamba lililotolewa kwa mdomo na mzee mmoja huleta kesi pale watoto wake wanapokua. Anzeni mapema, kwa sababu karatasi hizi huchukua muda mrefu kuliko ujenzi.

Mwisho kuna swali ambalo watu huogopa kuligusa: je, gridi ya taifa ikifika? Kanuni za miradi midogo ya umeme zinatoa njia, ikiwemo kuiuzia TANESCO umeme wenu au kununua kwao na kuendelea kuwauzia wateja wenu. Njia hizo zina maana kwa kijiji kilichojenga nguzo na nyaya kwa viwango vinavyokubalika na gridi. Nyaya za bei rahisi zitang'olewa. Basi kamati iandike barua kwa REA, wakala wa nishati vijijini, na kwa ofisi ya TANESCO ya wilaya, iulize kama kijiji kimo kwenye mpango wa miaka ijayo. Jibu lisomwe mbele ya wananchi siku ile ile wanayopigia kura mradi, ili anayenunua hisa ajue anaingia kwenye biashara ya miaka mingapi.