Maumivu Makali Hutulizwa kwa Saa, Hayasubiriwi Yazidi

Mgonjwa aliyefanyiwa upasuaji wa tumbo akiachwa na maumivu, huogopa kukohoa na kuvuta pumzi ndefu, makohozi hujikusanya kifuani, na hatari ya kupata nimonia huongezeka. Kuvumilia kimya kimya hakumsaidii. Anapoulizwa ayapime maumivu yake kuanzia 0 hadi 10, jibu lake lipokelewe kama alivyolitoa, hata kama uso wake umetulia.

Kwa maumivu ya kawaida, parasetamoli hutosha mara nyingi. Mtu mzima asizidishe gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na mwenye ugonjwa wa ini au uzito mdogo huhitaji kiasi pungufu zaidi. Dawa nyingi za mafua nazo zina parasetamoli, hivyo ni rahisi kuzidisha dozi bila kujua na kuliumiza ini. Ibuprofeni na diklofenaki hupunguza pia uvimbe, lakini mjamzito na mwenye vidonda vya tumbo au ugonjwa wa figo asizitumie bila kumwona daktari.

Panapohitaji maelezo zaidi ni kwenye mofini, dawa yenye nguvu ya kutuliza maumivu makali, kwa kuwa hofu inayoizunguka huwaacha wagonjwa wengi wa saratani wakiteseka bila sababu. Tangu mwaka 1986 Shirika la Afya Duniani limeelekeza kwamba maumivu ya saratani yatibiwe kwa saa maalumu. Mofini ya maji hunywewa kila baada ya saa 4 kwa sababu nguvu yake huisha kwa takriban muda huo; dozi ikicheleweshwa hadi mgonjwa aanze kulia, maumivu huwa yameshika kasi na kuyarudisha chini ni kazi kubwa. Ikitolewa na kufuatiliwa na daktari kwa ajili ya maumivu ya saratani, ni nadra kuleta uraibu. Tatizo la kila siku ni choo kigumu, ndiyo maana dawa ya kulainisha choo huanzishwa pamoja nayo. Mgonjwa akisinzia kupita kiasi, akawa haamki vizuri na kupumua polepole, asipewe dozi nyingine, bali apelekwe hospitali mara moja.

Maumivu yanayochoma au kupiga kama shoti ya umeme hutokana na mishipa ya fahamu, na huitikia zaidi dawa kama amitriptilini, ambayo hutumika pia kutibu sonona. Anayemuuguza mgonjwa nyumbani aandike saa ya kila dozi na namba ya maumivu kabla na baada yake. Daktari hupanga dozi inayofuata kwa kutumia kumbukumbu hizo.