Je, wajua kwa nini watu hulipia picha za ngono ilhali za bure zimejaa mtandaoni?

Katika mwaka wa hesabu ulioishia Novemba 2023, wateja wa OnlyFans, mtandao wenye makao yake London, walitoa zaidi ya dola bilioni 6.6. Wakati huohuo tovuti ya Pornhub na wenzake, walioanza kusambaza video za bure tangu 2006 na 2007, walikuwa wazi saa 24. Sasa fedha zote hizo zinanunua nini?

Zinanunua kujibiwa.

Zamani biashara hii ilikuwa mikononi mwa studio, nyingi zikiwa San Fernando Valley kule Los Angeles. Mwigizaji alilipwa mara moja kwa kila kipande alichoigiza, halafu basi. Filamu hata iuzwe miaka 10, yeye hapati kitu. Tovuti za bure zilipokuja, kazi za studio ziliibwa na kupandishwa humo bila kificho. Ikawa vigumu kumuuzia mtu picha peke yake.

Tim Stokely alianzisha OnlyFans mwaka 2016, na haikuwa lazima uuze ngono: hata mpishi au mwalimu wa mazoezi angeweza kuwatoza wafuasi wake ada ya mwezi. Ada hiyo huanzia dola 4.99, isipokuwa mwenye ukurasa akiamua kuuacha bure. Katika kila dola 100 zinazoingia, yeye huchukua 80 na kampuni 20. Korona ilipofungia watu ndani mwaka 2020, idadi ya wanaojisajili ikapaa.

Lakini ada ni kiingilio tu. Mteja akishalipa, ujumbe unamfikia: vipi, umeshindaje leo, unafanya kazi gani? Anajibu. Kesho anaulizwa mguu uliokuwa ukimuuma unaendeleaje. Siku ya tatu inakuja picha iliyofichwa kwa ukungu, chini yake bei. Akitaka kuiona, alipie. Akitaka video anayotajwa humo kwa jina lake, hiyo ina bei yake. Mauzo ya namna hii, pamoja na bakshishi, ndiyo yanayoleta sehemu kubwa ya mapato, kuliko hata ada za mwezi.

Hapo ndipo kazi ilipobadilika. Kamera inashika saa chache. Simu inashika siku nzima. Tena OnlyFans haikutafutii wateja, unawavua mwenyewe kule Instagram, X na Reddit. Mwenye wafuasi maelfu hawezi kuwajibu wote, kwa hiyo mawakala wamejitokeza: wanachukua asilimia yao na kuajiri watu wa kuchati kwa zamu, wengine wakiwa Ufilipino, wakijifanya ndiye mwenye ukurasa. Yule anayemwaga siri zake usiku wa manane huenda anamsimulia kijana wa Manila mwenye daftari la kumbukumbu za wateja. Mwaka 2024 baadhi ya wateja Marekani walifungua kesi wakidai wametapeliwa. Siwacheki, walilipia mazungumzo na mtu fulani, wakapewa mwingine.

Je, mwigizaji amekuwa bosi wake mwenyewe? Kiasi. Anapanga bei, na anaweza kukataa asichokitaka, jambo ambalo studioni halikuwa rahisi. Ila kuna mkubwa mwingine ambaye hamwoni. Agosti 19, 2021, OnlyFans ilitangaza kwamba kuanzia Oktoba 1 itapiga marufuku maudhui ya ngono waziwazi, yaani yaleyale yaliyoijenga. Stokely alizitupia lawama benki, akisema zinakataa au kukwamisha fedha za OnlyFans. Kelele zikawa nyingi, na Agosti 25 marufuku ikasitishwa.

Kampuni za kadi za malipo zilikuwa zimeshaonyesha ubavu wao kabla ya hapo. Desemba 2020, gazeti la New York Times lilipoandika kuhusu video za watoto na za ubakaji ndani ya Pornhub, Visa na Mastercard zilizuia kadi zao kutumika huko. Pornhub ikafuta mamilioni ya video ambazo waliozipandisha hawakuthibitishwa. Kisha Mastercard ikaweka sharti lililoanza Oktoba 2021: tovuti yoyote ya aina hii inayopokea kadi zake iwe na uthibitisho wa umri na utambulisho wa kila anayeonekana kwenye video, pamoja na ridhaa yake. Binafsi naona sharti hilo lilichelewa mno, na liliwekwa na kampuni ya kadi kabla ya mabunge mengi kugusa suala lenyewe.