ABI sio kontrakti, tusidanganyane

Wiki jana dogo mmoja kaniletea faili lake la ABI, lile la JSON linaloorodhesha fanksheni za kontrakti (programu inayokaa kwenye blokcheni), anajisifu eti kafuta fanksheni ya kutoa hela humo ndani kwa hiyo hakuna mtu atakayeweza kuiita tena. Dogo, umefuta chipsi mayai kwenye menyu, jikoni bado wanakaanga! Kule Ethereum kinachokaa kwenye blokcheni ni baitikodi tu, yaani kodi iliyokwisha kompailiwa, ABI ni maelezo yanayotolewa na kompaila ya Solidity ili programu yako ijue namna ya kuongea na kontrakti. Ulinzi unauandika ndani ya kontrakti yenyewe, icheki nani anaita.

Wengine wanadhani kontrakti inaijua fanksheni kwa jina lake. Wapi! Chukua fanksheni ya kutuma tokeni: inachukuliwa transfer(address,uint256) nzima nzima, jina na aina za data zake, inapigwa heshi ya Keccak-256 (inageuzwa kuwa alama ya baiti 32), zinabaki baiti 4 za mwanzo, yaani 0xa9059cbb, hizo ndo zinatumwa. Sasa kwenye Solidity uint na uint256 (namba nzima isiyo hasi) ni kitu kimoja, ila ukiitengeneza heshi mwenyewe kwa mkono ukaandika uint, au ukaweka nafasi baada ya koma, unapata baiti nyingine kabisa ambazo kontrakti haizijui, halafu unakesha unalaumu waleti.

Inayonikera zaidi ni hii ya "ERC-20 zote ABI moja, kopi tu ubandike". Aisee, ERC-20 ni standadi ya tokeni za Ethereum. Standadi inasema transfer irudishe bool (kweli au si kweli), lakini USDT ya Ethereum, ile tokeni ya dola, hairudishi kitu, na kwa kuwa aina ya jibu haimo kwenye zile baiti 4, mwito unafika vizuri tu, hela inahamishwa, halafu kontrakti yako iliyokompailiwa na Solidity 0.4.22 kuja juu inasubiri jibu, inakuta patupu, muamala wote unafutwa kama haukuwepo. Ndo maana watu wanatumia SafeERC20 ya OpenZeppelin, kodi iliyo tayari inayokubali hata jibu tupu.

Kwenye proksi, yaani kontrakti ya mbele inayopitisha miito kwenda kontrakti nyingine, kama ya tokeni ya USDC, ni fupi: anwani weka ya proksi, ABI weka ya kontrakti iliyo nyuma yake.

Na usidhani ABI itakwambia namba ina maana gani, yenyewe inasema uint256 basi. USDT ina desimali 6, yaani USDT 1 inaandikwa 1000000 ndani ya kontrakti, we ukikariri 18 za tokeni nyingine, mteja mwenye USDT 50 anafungua app yako anakuta 0.00000000005, anakupigia simu usiku anasema ameibiwa.