Kiini kisicho na kahawia

Fomu iliyofika maabara kwetu Mbeya ilikuwa na maneno mawili tu: "damu nyingi". Ndani ya chupa kulikuwa na kinyama cha utando wa ndani wa mji wa mimba. Umri haukuandikwa, wala tarehe ya hedhi ya mwisho. Kipande kilikuwa kimepondeka, umbo la tezi halikusomeka vizuri. Nikaomba kipimo cha kipokezi cha projesteroni, yaani protini ndani ya seli inayoipokea homoni hiyo ya kike. Kipimo hukipaka kiini cha seli rangi ya kahawia pale protini hiyo ilipo; pasipo nayo kiini hubaki buluu. Viini vya tezi vikatoka buluu tupu.

Jibu hilo lina maana mbili zinazopingana, na ndilo linalonifanya niandike leo.

Katika nusu ya kwanza ya mzunguko wa hedhi, homoni nyingine ya kike, estrojeni, huziamuru seli za utando zigawanyike. Hufanya hivyo kwa kushikamana na kipokezi chake, protini ambayo Elwood Jensen wa Chicago aliifuatilia kwenye miji ya mimba ya panya mwishoni mwa miaka ya 1950. Wakati huohuo estrojeni huifanya seli itengeneze vipokezi vya projesteroni. Yaani mwenye kuchochea ukuaji ndiye anayemwandalia kiti atakayekuja kuuzuia. Nimefanya kazi hii miaka mingi na jambo hilo bado linanigusa.

Yai likishatoka, projesteroni hukikalia kile kiti. Ugawanyikaji husimama, tezi huanza kutoa utomvu wenye protini kama glaikodelini, kisha vipokezi vyenyewe hupungua ndani ya tezi. Kwa hiyo mwanamke asiye na ugonjwa, siku ya 24 ya mzunguko wake, anaweza kuwa na tezi za buluu. Seli za tishu iliyo kati ya tezi moja na nyingine, lakini, hubaki na kahawia yake.

Kwenye saratani mambo hugeuka. Uvimbe wa daraja la chini, ambao seli zake bado zinafanana na za kawaida, mara nyingi huhifadhi vipokezi, na baadhi yake hunywea kwa dawa za jamii ya projesteroni. Kwa binti ambaye bado anataka mtoto, hilo ni jambo kubwa sana. Uvimbe uliovipoteza kwa kawaida ni mkali zaidi, na dawa hizo hazipati pa kushika.

Ndugu zangu waganga na wauguzi wa Rungwe, Mbozi, Makete na kwingineko, nawaomba muandike umri, hedhi ya mwisho, na dawa zozote za homoni. Mama aliyekoma hedhi akiona damu, hata tone, akatwe kinyama mapema.

Kuhusu ile chupa, tulipiga simu. Mgonjwa ana miaka 34 na huchoma sindano ya uzazi wa mpango kila baada ya miezi 3. Sindano hiyo ni ya jamii ya projesteroni: huufanya utando kuwa mwembamba, hupunguza vipokezi, na huweza kuleta damu isiyo na mpangilio. Tulikata vipande vipya kutoka kwenye nta iliyohifadhi kinyama kile, tukaona tezi chache, nyembamba, zimetulia. Hakukuwa na saratani.