Kufunga mwamba kwa pweza hakumwokoi gombesa

Katika kanuni zote zilizowahi kupelekwa kwa wavuvi wa visiwa vya magharibi ya Bahari ya Hindi, sidhani kama kuna iliyopokelewa kwa moyo mweupe kama kufunga mwamba kwa pweza, yaani kusimamisha uvuvi wa pweza mwambani kwa miezi miwili au mitatu kisha kuufungua. Ilianza mwaka 2004 katika kijiji cha Andavadoaka, kusini-magharibi mwa Madagaska. Rodrigues, kisiwa kilicho chini ya Morisi, kikaichukua 2012. Huku kwetu Kisiwa Panza, Pemba, kilianza katikati ya miaka ya 2010, na huko Komoro kina mama wavuvi wa Nzwani wakafuata. Utafiti uliofuatilia vipindi 36 vya kufunga huko Madagaska, uliochapishwa 2015, ulikuta kwamba katika mwezi wa kufungua mavuno yaliongezeka kwa zaidi ya asilimia 700. Mvuvi aliyeona hivyo kwa macho yake hahitaji semina.

Siri yake ni maisha mafupi ya pweza mwenyewe. Yule pweza mkubwa wa miambani huishi mwaka mmoja, akizidisha ni miezi michache tu. Hukua kwa kasi ya ajabu. Uzito wake waweza kuongezeka maradufu katika wiki chache. Jike hutaga mara moja tu maishani. Akishataga hujifungia tunduni, hali, hatoki, kazi yake ni kuyapulizia mayai maji safi na kuyalinda, na yakianguliwa naye hufa. Kwa hiyo pweza si akiba ya kuwekewa watoto na wajukuu. Usipomvua mwaka huu, mwakani hayupo. Anachohitaji ni nafasi ya kukua na kutaga kabla hajachokolewa, na nafasi hiyo miezi miwili au mitatu yatosha.

Anayetembea mwambani wakati wa bamvua, maji yakiwa yamekupwa kabisa, analijua tundu la pweza bila kuelekezwa: maganda ya kaa na kombe yametapakaa mlangoni, na mara nyingi mwenyewe ameshajizibia kwa vijiwe. Unaingiza mti, unachokoa, mkono mmoja unajizungushia kwenye mti, kisha wa pili, hapo ndipo unapomvuta. Jasho la kumtoa pweza wa gramu 300 ni lile lile la kumtoa wa kilo moja na nusu. Sheria ya Tanzania inakataza kuvua pweza aliye chini ya gramu 500, lakini mwambani hakuna mzani. Kinachofanya kazi ya mzani ni muda: mwamba ukifungwa, unaowakuta siku ya kufungua wengi wameshavuka kiwango.

Siku hiyo ya kufungua ina mitihani yake. Habari husambaa, wageni huja kwa mashua kutoka vijiji ambavyo havikufunga chochote, wanunuzi huteremsha bei kwa sababu pweza ni wengi, na faida ya miezi mitatu huweza kuliwa kwa siku tatu. Vijiji vilivyofanikiwa ni vile vilivyokubaliana mapema na mnunuzi juu ya bei, vikaamua nani aingie mwambani kwanza na vikaacha kipande fulani kifungwe moja kwa moja. Rodrigues walikwenda mbali zaidi. Kwa kuwa marufuku yao ilihusu kisiwa kizima, serikali ya kisiwa iliwapa wavuvi waliosajiliwa kazi za kulipwa kwa muda huo, kama kusafisha fukwe. Pale ambapo mvuvi ameambiwa asubiri tu, bila kuambiwa ale nini, marufuku huwa ni ya mchana. Usiku watu huingia na tochi.

Lakini sasa mafanikio haya yamezaa tabia ambayo sisi tunaofanya kazi ya kuelimisha wavuvi tunakutana nayo kila mahali. Kila samaki akipungua, jibu linakuwa lile lile: tufunge miezi mitatu. Jongoo bahari wamepungua? Tufunge. Kasa hawapandi pwani? Tufunge. Kanuni iliyoshonwa kwa kipimo cha pweza inavishwa viumbe wasio na umri wala mwendo wa pweza, kisha isipofaa wavuvi wanaambiwa hawakuitii. Komoro ni mahali pazuri pa kulitazamia jambo hili, kwa sababu katika visiwa vitatu tu, Ngazidja, Nzwani na Mwali, utamkuta pweza wa mwaka mmoja, kasa wa miongo na gombesa, samaki wa kale wa vilindini, wa karne.

Mwali ndicho kidogo kuliko vyote, watu wake ni kama 50,000. Tofauti na Ngazidja, ambako mlima wa Karthala unashuka hadi vilindini na mwamba wa matumbawe ni mwembamba, Mwali ina maji ya kina kifupi yaliyotanda, mikoko, majani ya bahari na visiwa vidogo mbele ya kijiji cha Nioumachoua. Fukwe zake, hasa za Itsamia, hupandwa na maelfu ya kasa kila mwaka kutaga. Mwaka 2001 hapo ndipo ilipotangazwa hifadhi ya kwanza ya Komoro, na haikutangazwa kwa amri kutoka juu peke yake: vijiji 10 vilitia saini makubaliano, kila kimoja na sehemu yake ya kuangalia. Itsamia ilikuwa imetangulia. Chama cha kijiji kilikuwa kinalinda kasa tangu miaka ya 1990, kabla hifadhi haijawa hata wazo rasmi.

Sasa angalia hesabu ya kasa. Jike hutaga mayai mia na zaidi kwa mara moja, hurudi baada ya wiki mbili hivi, hutaga tena, mara kadhaa katika msimu mmoja, kisha hutoweka miaka miwili hadi minne. Mayai hukaa mchangani kama miezi miwili. Kitoto kikitoka kikafika majini, kitarudi kutaga baada ya miaka 20, 30 au zaidi. Maana yake kijana anayelinda ufuo wa Itsamia usiku wa leo hatayaona matunda ya kazi yake mpaka awe babu. Hakuna siku ya kufungua. Aldabra, katika Shelisheli, kuvua kasa kulipigwa marufuku mwaka 1968. Wakati huo mashimo ya mayai yalikadiriwa kuwa 2,000 hadi 3,000 kwa mwaka. Utafiti uliotolewa 2022 ulikuta yamepita 15,000. Hayo ni mafanikio makubwa kuliko yale ya pweza, ila yamechukua nusu karne, tena katika kisiwa ambacho hakina kijiji wala mwenye njaa wa kukaa akiwatazama kasa wanapanda.

Mwali ina vijiji. Mradi wa mwanzo ulipokwisha, katikati ya miaka ya 2000, fedha zilikauka na walinzi wakabaki bila mishahara. Palepale ndipo unapoona tofauti ya kanuni mbili. Mwamba wa pweza unajilipa wenyewe ndani ya msimu. Ufuo wa kasa haujilipi, lazima mtu fulani alipe kwa miaka 30 mfululizo, na mradi wa wafadhili huwa wa miaka mitano. Utalii umesaidia kiasi Itsamia, lakini mgeni wa Mwali ni wa kuhesabika, na mwaka wa janga kama 2020 haji kabisa.

Na kasa huyo si wa Mwali pekee. Waliofungwa vifaa vya setilaiti walionekana wakienda kula kwenye majani ya bahari ya Madagaska, Msumbiji na pwani yetu ya Afrika Mashariki. Mvuvi wa Mafia au Lamu akimnasa kasa mwenye kibati chenye namba kwenye pezi la mbele, huenda kibati hicho kilivishwa Mwali usiku, kwa mwanga wa taa nyekundu. Tunachoomba ni kidogo: soma namba na anwani, piga picha, mfungue aende zake, kisha peleka taarifa kwa ofisa uvuvi au kamati ya wavuvi iliyo karibu.

Hapa nitoke nje ya mada kidogo, maana kuna jambo ambalo ni la uhai wa watu. Nyama ya kasa huweza kuwa na sumu. Machi 2024 Kisiwa Panza, kile kile kinachosifiwa kwa pweza wake, watoto 8 na mtu mzima mmoja walifariki baada ya kuila. Sumu hiyo haitoki kwa kuchemsha wala kukaanga, na kasa mwenyewe haonyeshi dalili yoyote kwamba anayo. Mama anayenyonyesha anaweza kuipitisha kwa mwanawe. Anayekula akaanza kutapika au kuwashwa kooni apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, asisubiri kuche.

Turudi kwenye miamba yenyewe. Mwaka 1998 bahari ilipata joto lisilo la kawaida na matumbawe yakawa meupe kuanzia Lamu hadi Maldivi. Visiwa vya ndani vya Shelisheli, Mahé na majirani zake, vilipoteza zaidi ya asilimia 90 ya matumbawe hai. Watafiti walifuatilia miamba 21 huko mpaka 2011: 12 ilirudi, 9 ikageuka kuwa mashamba ya magugu ya bahari. Kilichoitenganisha ni mambo kama kina cha maji, umbo la mwamba lenye mapango na vichochoro, na wingi wa samaki wanaokula magugu, akina pono na tasi. Mwamba kuwa ndani au nje ya eneo lililofungwa kwa uvuvi hakukuleta tofauti ya maana. Matokeo hayo yaliwaudhi baadhi ya wahifadhi. Mimi nayaona ni msaada, kwa kuwa yanatuonyesha mahali pa kushika: pono anapokwangua mwamba kwa meno yake ndipo kitoto kidogo cha tumbawe kinapopata pa kuota. Tasi huvuliwa sana kwa madema, ile mitego ya kusukwa, katika Shelisheli, kama Mombasa na Unguja. Kenya ilijaribu dema lenye upenyo mwembamba ubavuni, ambao tasi wachanga na samaki vipepeo wasio na bei hupita, na tasi wakubwa hubaki. Kwa mwamba unaopona polepole, upenyo huo unaofanya kazi kila siku una faida kuliko kufunga miezi mitatu na kisha kuvua vyote.

Shelisheli imesifiwa zaidi kwa jambo jingine, lile la deni. Kati ya 2015 na 2016 sehemu ya deni lake, dola milioni 21.6, iligeuzwa kuwa fedha za kulinda bahari, na Machi 2020 Rais Danny Faure akatangaza kwamba asilimia 30 ya bahari ya nchi, kilomita za mraba zaidi ya 400,000, imewekwa chini ya ulinzi. Ni hatua ya kweli, na fedha zake zinafika kwa muda mrefu kuliko mradi wa kawaida, jambo ambalo Mwali ililikosa. Ila sehemu kubwa iko mbali, kuelekea Aldabra na Amirantes. Inazihusu meli za jodari; dema la Mahé halijaguswa.

Mwisho wa orodha kuna gombesa. Dunia ilimjua 1938 alipovuliwa Afrika Kusini, samaki aliyedhaniwa ametoweka tangu zama za dinosaria. Wa pili alipatikana Desemba 1952 Nzwani, na hapo ikagundulika kwamba wavuvi wa Komoro walikuwa wakimpata siku zote, wakamwita jina hilo, na wala hawakumpenda: nyama yake ni mafuta matupu. Mchana hulala katika mapango ya miteremko ya volkeno, mita 150 hadi 250 chini. Usiku hushuka kuwinda. Mwaka 2021 watafiti waliochunguza magamba yake kwa darubini walikuta kwamba anaweza kuishi karibu miaka 100, jike hukomaa akiwa na miaka zaidi ya 50, na mimba huchukua kama miaka mitano. Jike mmoja akinaswa leo, aliye na uwezo wa kushika nafasi yake alizaliwa miaka ya 1970.

Kwa kiumbe wa namna hii hakuna msimu wa kufunga wenye maana. Kilichobaki ni kutopeleka chombo mahali anapokaa. Tanzania walianza kupatikana 2003 na baadaye kwa wingi Tanga, kwenye jarife, nyavu zilizotegwa vilindini kwa ajili ya papa, na mwaka 2009 ikatangazwa hifadhi ya bahari kwa jina lake. Jarife ikitegwa kwenye mteremko huo hata usiku mmoja tu wa mwaka, inatosha kumnasa.

Komoro wao hawatumii jarife. Gombesa hunaswa na ndoana ya mvuvi wa ngalawa anayevua usiku karibu na ufuo. Miaka ya 1990 watafiti waliokuwa wakihesabu gombesa Ngazidja kwa nyambizi ndogo waliona jambo ambalo halikuwamo katika mpango wowote wa uhifadhi. Wavuvi walipopata boti za mashine na maboya ya kukusanyia samaki huko nje, waliiacha miteremko ya karibu na kwenda kutafuta jodari. Mashine zilipoharibika na vipuri kukosekana, walirudi kwenye ngalawa, na ndoana zikarudi juu ya mapango. Kwa hiyo anayeandaa bajeti ya kumlinda gombesa wa Ngazidja, kabla hajachapisha mabango, na aweke fungu la fundi wa mashine za boti na plagi zake.