Hedhi isiyoeleweka na dawa za "kusafisha kizazi": maswali ninayoulizwa kila wiki

PCOS ni nini?
Ni homoni kuvurugika. Ovari hutoa homoni za kiume kupita kiasi, na kwa wengi insulini, homoni inayoratibu sukari mwilini, nayo haifanyi kazi sawasawa. Yai halipevuki kila mwezi, kwa hiyo hedhi inapotea. Vile vifuko vidogo vinavyoonekana kwenye utrasaundi ni mayai yaliyoishia njiani, si uvimbe wa kupasuliwa. Takribani mwanamke mmoja kati ya kumi anayo.

Nitajuaje?
Hedhi inapitiliza siku 35, au unaipata chini ya mara nane kwa mwaka. Ndevu kidevuni, chunusi zisizoisha, weusi shingoni usiotoka hata usugue na dodoki. Wanene wanapata zaidi, ila wembamba hawajasalimika. Kabla ya kukuambia ni PCOS tutapima mimba na tezi la shingo.

Nina miezi mitano bila hedhi na sina mimba. Shoga yangu kanipa dawa ya kusafisha kizazi. Ninywe?
Usinywe, dada yangu. Kizazi hakina uchafu wa kusafishwa. Hedhi isipokuja, ukuta wa ndani ya kizazi unazidi kuwa mnene bila kumwagika, na ukiachwa hivyo miaka unaweza kugeuka saratani. Ndiyo maana nasema: miezi mitatu bila hedhi, njoo. Tunakupa vidonge vya projesteroni kwa siku kama kumi, ukimaliza damu inashuka.

Na zile za kuchomeka ukeni ndizo mbaya kabisa. Zinaunguza, zinaleta maambukizi, na maambukizi yakipanda juu mirija ya uzazi inaziba. Ulikuja na ovari zinazotibika kwa vidonge, sasa una mirija ambayo huenda hata upasuaji usiizibue.

Mbona jirani alikunywa na hedhi ikaja?
Ingekuja tu. Kwa mwenye PCOS hedhi hukaa miezi minne halafu ikatokea yenyewe, na chupa iliyokuwepo mezani siku hiyo ndiyo inayopewa sifa. Miezi mitatu, njoo.

Mume wangu anasema tungoje pesa ya korosho.
Minada haianzi mpaka Oktoba, na wewe unaniuliza Machi. Kipimo cha mimba na cha sukari anza navyo kituo cha afya cha karibu. Ikihitajika utapewa rufaa, hospitali ya Ligula kwa wa Mtwara, ya Sokoine kwa wa Lindi. Nisamehe nikisema hivi, lakini wengi wanaongoja korosho wameshanunua chupa za mganga mara tatu. Pesa ilikuwepo. Miezi mitatu, njoo!

Binti yangu ametoka unyago juzi, hedhi yake inarukaruka.
Mwaka wa kwanza tangu avunje ungo ni kawaida, mwacheni. Baada ya hapo, akipitisha siku 90 mleteni. Msimpe kitu cha kunywa.

Sitaki mtoto sasa. Kwa vile sishiki mimba, niache uzazi wa mpango?
Hapana. Yai hupevuka mwezi usioutarajia, nimeona wengi wakishtuka. Tena vidonge vya mpango vinaulinda ule ukuta wa kizazi.

Nitazaa kweli?
Wengi wanazaa. Kama una uzito mkubwa, punguza kidogo tu: mwenye kilo 80 akitoa nne au tano, hedhi mara nyingi huanza kurudi. Rundo la ugali wa makopa lipungue, mbaazi na samaki viongezeke, soda iachwe. Kutembea kwenda shamba kunahesabika, bodaboda haihesabiki. Yai likiendelea kugoma, daktari ataandika letrozoli, kidonge cha kulipevusha. Kinahitaji kufuatiliwa, kwa hiyo usikinunue dukani kwa kuelekezwa na mtu.

Na mume aje naye apimwe mbegu. Kipimo chake ni cha siku moja na hakiumi. Nina kina mama waliokunywa dawa miaka kadhaa wakati baba hajawahi kukanyaga maabara.