Mama aliyejifungua kwa upasuaji hana haja ya kusubiri "hewa itoke" ndipo ale

Wodini bado husemwa: aliyejifungua kwa upasuaji alale chali, asionje kitu mpaka atoe hewa ya tumboni (ajambe). Si kweli. Kama upasuaji haukuwa na matatizo na hatapiki, anaweza kunywa na kula ndani ya saa 2 baada ya upasuaji. Chakula chenyewe husaidia kuuamsha utumbo.

Kulala tu ndiko kwenye hatari: damu huganda miguuni, na ujauzito tayari umeongeza uwezekano huo, makohozi nayo hutuama mapafuni. Ganzi ya mgongo ikiisha na miguu ikipata nguvu, muuguzi ampe kwanza dawa ya maumivu, aisubiri ifanye kazi. Kisha mama ageuke ubavu, ashushe miguu, ajiinue kwa kiwiko na kukaa ukingoni dakika chache. Asipopata kizunguzungu, asimame akiwa ameshikwa. Akiinuliwa moja kwa moja kutoka kulala, anaweza kuanguka. Akitaka kukohoa, akandamize mto juu ya kidonda. Mshono haufumuki kwa kutembea taratibu.

Parasetamoli itolewe kwa saa zake, si mpaka mama alie. Maumivu yakishapanda, hatakubali kusimama.

Mambo huharibika kila zamu inapokuwa na mtindo wake: wa mchana anamtembeza, wa usiku anamwambia atulie, na mpira wa mkojo unabaki bila sababu, ukikaribisha maambukizi. Karatasi moja kwenye faili, yenye saa ya kula, kusimama, dawa na kutoa mpira, ikitiwa saini na kila zamu, humaliza ubishi huo.